Kutoka Mapora wa Göttingen hadi Mbio za Rio: Historia ya Testosteroni

Mwezi Agosti 1848, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, daktari Arnold Adolph Berthold aliwafanyia upasuaji mapora sita, majogoo wachanga wa miezi miwili hadi mitatu. Korodani za ndege hukaa ndani ya tumbo, karibu na figo, kwa hiyo ilimbidi awapasue. Wawili aliwatoa korodani zote akawashona. Wawili wengine aliwatoa moja, na ile ya pili akaikata mahali iliposhikilia, akaiacha huru katikati ya matumbo. Wawili wa mwisho aliwatoa zote mbili, kisha kila mmoja akampandikizia korodani moja ya mwenzake. Alipomaliza aliwarudisha bandani, akasubiri wakue.

Baada ya miezi michache tofauti ilionekana kwa macho. Wale wawili wa kwanza walinenepa, upanga wa kichwani ukabaki mdogo na uliopauka, hawakuwika sawasawa, wala hawakuwa na haja na mitetea. Wale wanne waliobaki waliwika, walipigana na majogoo wenzao, waliwafukuzia mitetea, na panga zao zilikuwa kubwa na nyekundu. Berthold alipowapasua tena alikuta korodani iliyohamishwa imeshika kwenye utumbo na imeota mishipa mipya ya damu. Neva zake za asili zilikuwa zimekatika kabisa. Akahitimisha kwamba korodani hutia kitu ndani ya damu, na damu hukifikisha kitu hicho mwili mzima.

Aliyaandika hayo mwaka 1849 katika makala ya kurasa nne. Mwenzake wa chuoni, Rudolf Wagner, alijaribu kuurudia upasuaji ule, hakufanikiwa. Jambo lenyewe likalala kwa miongo kadhaa, na Berthold akafariki mwaka 1861 bila kujua kwamba vizazi vya baadaye vingemhesabu miongoni mwa waasisi wa elimu ya homoni.

Kwamba korodani ndizo zinazompa dume udume wake halikuwa jambo geni. Wafugaji wamehasi wanyama tangu kale: fahali akihasiwa mapema huwa maksai mtulivu anayekubali nira na jembe. Alichoongeza Berthold ni njia. Alionyesha kuwa amri husafiri kwa damu, na kwamba kuna kitu halisi kinachoweza kutafutwa, kupimwa na pengine kutiwa chupani. Kitu hicho leo tunakiita testosteroni. Tangu siku hiyo wanadamu wamekibebesha matumaini, lawama na hukumu kupita uwezo wake, na nasimulia historia hii kwa kirefu kwa sababu makosa ya zamani yanarudiwa mbele ya macho yetu, katika maduka ya dawa, katika vyumba vya mazoezi na katika viwanja vya riadha.

Sindano ya mzee wa Paris

Aliyeliamsha jambo hili alizaliwa katika bahari yetu ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Morisi, mwaka 1817, baba yake akiwa nahodha Mmarekani na mama yake mwenye asili ya Kifaransa. Alipanda hadi kushika kiti cha tiba katika Collège de France, na alikuwa bingwa wa kweli wa uti wa mgongo na tezi. Tarehe 1 Juni 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya wanachama wa Chama cha Biolojia cha Paris na kuwaeleza alichojifanyia mwenyewe.

Alikuwa ameponda korodani za mbwa na za simbilisi, akachanganya maji yake na damu ya mishipa ya korodani pamoja na shahawa, akachuja, akajidunga chini ya ngozi. Alisema nguvu zake zimerudi. Aliweza kusimama maabara saa nyingi bila kuhitaji kiti, kupanda ngazi karibu kwa kukimbia, na kuandika usiku baada ya kazi ya mchana. Alipima nguvu za mkono wake kwa chombo, akapima hata umbali ambao mkojo wake ulirukia, na vipimo vyote vilimpa moyo.

Habari zilienea kama moto. Kabla mwaka haujaisha, madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiuza maji ya korodani kwa wazee, kwa wagonjwa na kwa wanamichezo. Lakini maji yale hayakuwa na kitu cha maana. Testosteroni huyeyuka katika mafuta, na katika maji huyeyuka kidogo mno. Tena korodani hazihifadhi akiba. Hutengeneza na kutoa hapo hapo. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walitengeneza upya dawa hiyo kwa korodani za mbwa, wakakuta homoni iliyomo ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kuleta badiliko lolote mwilini. Nguvu aliyoihisi mzee yule ilitokana na imani yake. Alifariki mwaka 1894, lakini biashara aliyoifungulia mlango haikufa naye.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alitokea Serge Voronoff, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Urusi na kufanya kazi Misri na Ufaransa. Huko Cairo aliwaona wanaume waliohasiwa wakitumikia katika majumba ya wakubwa, akaamini kwamba uzee wa mwanamume ni upungufu wa korodani. Kuanzia mwaka 1920 alikata vipande vyembamba vya korodani za sokwe na kuvishona ndani ya mifuko ya korodani ya wateja wake matajiri. Sokwe hao walikamatwa katika misitu ya Afrika, wakasafirishwa kwa meli hadi Ulaya. Huko Kansas, Marekani, John Brinkley aliwapandikizia wakulima korodani za mbuzi, akatajirika hadi akagombea ugavana mwaka 1930. Na huko Vienna, Eugen Steinach alifunga mirija ya mbegu akisema mwili utarudi ujana. Sigmund Freud alifanyiwa mwaka 1923, na mshairi W. B. Yeats mwaka 1934.

Tukiwatazama leo tusiwacheke. Hawa walikuwa watu wanaoogopa kudhoofika, na waliowatibu wengine waliamini wanachokisema. Ila mwili hukikataa kipande cha mnyama wa aina nyingine kama unavyokataa uchafu kidondani. Kipande kile kilioza au kikageuka kovu, na mgonjwa akabaki na imani aliyokwenda nayo.

Kutoka machinjioni hadi kwenye chembe

Wakati hao wanauza matumaini, wakemia walikuwa wakifanya kazi ya polepole. Chicago wakati huo ilikuwa mji wa machinjio makubwa kuliko yote duniani, na Fred Koch wa Chuo Kikuu cha Chicago alikuwa na malighafi ya kutosha. Mwaka 1927 yeye na mwanafunzi wake Lemuel McGee walichukua korodani za mafahali zenye uzito wa kilo 18 hivi, wakazisaga na kuzichuja kwa vimiminika vinavyoyeyusha mafuta. Walichopata mwishoni kilikuwa miligramu 20 tu, kiasi kinachoweza kukaa kwenye ncha ya kisu. Ili kujua kama ndicho chenyewe walirudi kwenye kipimo cha Berthold: wakamdunga jogoo aliyehasiwa, wakauangalia upanga wake. Ukakua na kuwa mwekundu.

Miaka minne baadaye, Göttingen kule kule, kijana Adolf Butenandt alipita njia nyingine. Alitumia mkojo wa wanaume, uliokusanywa kutoka kwa askari polisi, lita zisizopungua 15,000. Akauchemsha, akauchuja na kuusafisha hadi akabaki na miligramu 15 za chembechembe safi. Aliziita androsteroni, ndugu dhaifu wa homoni iliyokuwa ikitafutwa.

Homoni yenyewe ilipatikana Amsterdam. Mwezi Mei 1935 kundi la Ernst Laqueur, lililokuwa pia na Károly David na Elizabeth Dingemanse, lilitangaza kuwa limepata kutoka korodani za fahali chembe iliyo na nguvu kupita androsteroni. Wao ndio walioipa jina la testosteroni. Mwezi Agosti mwaka huo huo, kwa tofauti ya siku chache, Butenandt upande mmoja na Leopold Ružička upande wa pili huko Uswisi walionyesha jinsi ya kuitengeneza maabara kwa kuanzia na kolesteroli, mafuta yale yale yanayopimwa leo hospitalini. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1939. Serikali ya Hitler ilimlazimisha Butenandt kuikataa; alikabidhiwa nishani yake mwaka 1949, vita vikiwa vimekwisha.

Kuanzia hapo kazi ya homoni hii mwilini ilifahamika hatua kwa hatua. Ubongo hutuma ujumbe kwa tezi ndogo iliyo chini yake, tezi hiyo hutoa homoni inayoziamsha korodani, na korodani za mtu mzima hutengeneza miligramu chache za testosteroni kwa siku, ikiwa juu zaidi asubuhi. Ikizidi katika damu, ubongo hupunguza ujumbe. Wanawake nao wanayo, kutoka kwenye ovari na tezi zilizo juu ya figo, na wanaihitaji. Wengi wao huwa na chini ya nanomoli 2 kwa kila lita ya damu, ilhali wanaume wazima huwa kati ya 8 na 30 hivi.

Kazi yake huanza kabla ya kuzaliwa. Kijusi cha kiume cha wiki nane hivi huanza kuitoa, na viungo vya uzazi hujiumba kwa kuifuata. Kisha hutulia utotoni, hadi wakati wa kubalehe inapofurika: koo hupanuka na sauti kuwa nzito, ndevu huota, misuli na mifupa hukua, chembe nyekundu za damu huongezeka, mbegu huanza kutengenezwa. Sehemu ya kazi hiyo haifanywi na testosteroni yenyewe. Mwili huigeuza nyingine kuwa homoni kali zaidi inayohusika na ndevu, upara na tezi dume, na nyingine kuwa estrojeni, homoni tuliyozoea kuiita ya kike. Mifupa ya mwanamume hukomaa na kuimarika kwa estrojeni hiyo. Wanaume na wanawake wanatumia homoni zile zile kwa viwango tofauti.

Mwaka 1941 Charles Huggins, huko Chicago, alionyesha upande mwingine. Aliwahasi wagonjwa wa saratani ya tezi dume iliyosambaa, au akawapa estrojeni, na saratani ikanywea na maumivu ya mifupa yakapungua. Homoni iliyokuwa ikiuzwa kama chemchemi ya ujana ilikuwa pia chakula cha saratani hiyo. Huggins alipewa Nobel mwaka 1966, na hadi leo kuipunguza testosteroni ni moja ya nguzo za matibabu ya wanaume wenye ugonjwa huo.

Vidonge vya buluu

Chembe ilipoweza kutengenezwa kiwandani, michezo haikuchelewa. Wakemia waligeuza umbo la testosteroni kidogo ili iweze kumezwa, na mwaka 1958 kidonge cha Dianabol kiliingia sokoni Marekani. Wanyanyua vitu vizito na warusha tufe walikitumia waziwazi, kwa sababu marufuku ya dawa za aina hiyo katika Olimpiki ilianza kutumika Montreal mwaka 1976.

Nchi moja iliigeuza kazi ya dola. Mwaka 1974 Ujerumani Mashariki ilipitisha mpango wa siri uliopewa namba 14.25. Kiwanda cha Jenapharm kilitengeneza Oral-Turinabol, kidonge kidogo cha buluu, na makocha wakawagawia maelfu ya wanamichezo, wengi wao wakiwa wasichana wadogo walioambiwa kuwa ni vitamini. Misuli ikajaa na medali zikaja. Sauti zikawa nzito, nywele zikaota usoni, maini yakaumia, na wengine baadaye wakasumbuka na mimba.

Heidi Krieger alikuwa mmoja wao. Alianza kupewa vidonge akiwa binti wa miaka 16, na mwaka 1986 alikuwa bingwa wa Ulaya wa kurusha tufe mjini Stuttgart. Mwili wake ulikuwa umebadilika kiasi cha kutorudi nyuma. Mwaka 1997 alifanyiwa upasuaji na tangu hapo anaishi kama mwanamume, Andreas. Amesema mara nyingi hadharani kwamba kinachomuuma zaidi ni kunyang'anywa nafasi ya kuamua mwenyewe. Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi hiyo, na daktari Manfred Höppner. Walipewa vifungo vya nje.

Ushahidi wa dola ile hauwezi kupingwa: testosteroni hujenga misuli na huongeza nguvu. Kwa upande wa mwili, ndiyo yenye amri. Upande wa tabia ndio uliowachanganya watu zaidi.

Nyani wa Mara, akina baba wa Eyasi

Ni kawaida kusikia kijana mgomvi akisemewa kwamba homoni zinamsumbua, na mume mpigaji akitetewa kwa maneno hayo hayo. Majogoo wa Berthold wanaelekea kuunga mkono: asiye na korodani hapigani. Lakini mambo yaligeuka wataalamu walipokwenda porini kutazama.

Kuanzia mwaka 1978 Robert Sapolsky, Mmarekani, alikuwa akirudi kila mwaka Maasai Mara nchini Kenya kuwachunguza nyani. Aliwalaza kwa mishale ya dawa, akawachukua damu, kisha akawafuata kwa macho. Aligundua kuwa kundi likitulia, madume wenye vyeo vya juu si lazima wawe ndio wenye testosteroni nyingi. Kiwango hupanda sana pale ambapo cheo kinagombaniwa. Mtaalamu wa ndege John Wingfield na wenzake walipendekeza jambo la aina hiyo mwaka 1990: homoni hupanda dume anapokabiliwa na mpinzani, na hushuka anapolea vifaranga. Kwa maneno mengine, mara nyingi ushindani ndio unaoiita homoni.

Katikati ya miaka ya 1980 lilitokea jambo ambalo hakuna mtafiti angethubutu kulipanga. Karibu na kundi alilolichunguza Sapolsky palikuwa na jalala la hoteli ya watalii, lililomilikiwa na kundi jirani la nyani. Madume wakali kuliko wote wa kundi lake walikwenda kila asubuhi kupigania mabaki ya chakula. Jalalani palitupwa nyama yenye kifua kikuu, na madume wote waliozoea kula pale wakafa. Walibaki majike, watoto na madume wapole, karibu nusu ya madume wa awali. Kundi likabadilika: wanyonge hawakuonewa kama zamani, na nyani walikaa wakichambuana manyoya muda mrefu zaidi.

Nyani dume akikomaa huhama kundi alilozaliwa. Kufikia mwaka 1993 madume wote wapole wa mwanzo walikuwa wamekufa au wameondoka, na madume waliokuwepo walikuwa wageni kutoka makundi mengine yenye ukali wa kawaida. Sapolsky na Lisa Share waliporipoti mwaka 2004, walieleza kuwa upole uliendelea. Wageni walipokewa na majike kwa utulivu, wakajifunza desturi ya pale. Damu yao ilikuwa na homoni ile ile ya madume wengine wa Mara. Kilichotofautiana ni malezi waliyoyakuta.

Kwa binadamu, ushahidi mzuri ulitoka Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2009 Martin Muller na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jamii mbili zinazopakana. Baba wa Kihadzabe huwabeba watoto, hucheza nao na hulala karibu nao. Baba wa Kidatoga, mfugaji, kwa desturi huacha malezi ya watoto wadogo kwa akina mama. Watafiti walipima mate. Kwa Wahadzabe, akina baba walikuwa na testosteroni kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Miaka miwili baadaye utafiti mkubwa wa Cebu, Ufilipino, uliowafuata vijana wale wale kwa miaka, ulionyesha mambo mawili: wenye kiwango cha juu mwanzoni ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kupata mwenzi na mtoto, na walipopata mtoto kiwango kikashuka, hasa kwa waliomlea kwa saa nyingi. Kupungua huko si ugonjwa. Ni mwili wa baba ukiitikia wajibu wake.

Na huko Zurich, mwaka 2010, Christoph Eisenegger na wenzake waliwapa wanawake zaidi ya 100 tone la testosteroni au dawa isiyo na kitu, bila kuwaambia wamepewa ipi, kisha wakawachezesha mchezo wa kugawana fedha. Waliopewa homoni waligawa kwa haki zaidi. Walioamini kuwa wamepewa homoni, wawe wamepewa au la, waligawa kwa ubahili zaidi. Waliitenda sifa mbaya waliyokuwa wameisikia kuhusu testosteroni. Ni jambo lile lile lililompata Brown-Séquard miaka 121 kabla, safari hii likipimwa kwa makini.

Mita 800 za Rio

Usiku wa tarehe 20 Agosti 2016, Rio de Janeiro, fainali ya wanawake ya mita 800 ilimalizwa na Waafrika watatu mbele: Caster Semenya wa Afrika Kusini kwa dakika 1:55.28, Francine Niyonsaba wa Burundi kwa 1:56.49 na Margaret Wambui wa Kenya kwa 1:56.89. Wote watatu wameeleza hadharani, kwa nyakati tofauti, kwamba miili yao kwa asili ina testosteroni nyingi kuliko ya wanawake wengi. Hakuna aliyemeza kidonge cha kuiongeza.

Michezo ilikuwa na historia ndefu ya kutafuta mpaka kati ya mwanamke na mwanamume. Miaka ya 1960 wanariadha wa kike walikaguliwa miili yao na madaktari. Baadaye zikapimwa kromosomu. Mwaka 1985 mkimbiaji wa viunzi wa Hispania, María José Martínez-Patiño, alikutwa na kromosomu za kiume, akafukuzwa na kuaibishwa magazetini. Mwili wake ulikuwa na testosteroni, lakini chembe zake hazikuweza kuipokea, kwa hiyo haikumwongezea chochote. Alipigania jina lake, akarejeshwa mwaka 1988. Kisa chake kilitosha kufundisha kwamba kiwango peke yake hakisemi kitu mpaka ujue mwili unakitumiaje.

Hata hivyo, Shirikisho la Riadha Duniani lilirudi kwenye kiwango. Kanuni za mwaka 2018 zilimtaka mwanamke kama Semenya, mwenye testosteroni nyingi kwa asili, akitaka kukimbia kati ya mita 400 na maili moja, ashushe testosteroni chini ya nanomoli 5 kwa lita. Tarehe 1 Mei 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini kwa kura mbili dhidi ya moja ikaona ubaguzi huo unahitajika kulinda ushindani wa wanawake. Semenya alikataa dawa. Niyonsaba alihamia mbio ndefu, na mwezi Septemba 2021 mjini Zagreb aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5:21.56. Annet Negesa wa Uganda aliiambia televisheni ya Ujerumani mwaka 2019 kwamba alifanyiwa upasuaji mwaka 2012 ambao hakueleweshwa vya kutosha, na afya yake haikurudi. Shirikisho lilikanusha kuhusika. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa hadi nanomoli 2.5 na kuhusisha mashindano yote. Tarehe 10 Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Semenya hakusikilizwa kwa haki inavyopasa mbele ya mahakama ya Uswisi. Septemba mwaka huo shirikisho likaanzisha kipimo cha jeni.

Wanawake wanaoshindana nao wana hoja ya kweli, kwa kuwa testosteroni ikipokelewa na mwili huongeza nguvu, na usawa wa mashindano unastahili kulindwa. Lakini kumtaka mtu mzima mwenye afya atumie dawa, au akatwe, ili apate ruhusa ya kukimbia na mwili aliozaliwa nao, ni jambo ambalo tiba haipaswi kulifanya. Daktari hutibu ugonjwa. Uwanja wa riadha hauna mamlaka ya kuandika dawa.

Neno kwa vijana

Leo, katika miji yetu, sindano na vidonge vya testosteroni huuzwa kwa vijana wanaotaka vifua vipana na kwa wazee wanaotaka nguvu za kiume. Ni vyema wajue kisa kimoja zaidi. Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi saba, ambapo wanaume 271 walidungwa miligramu 200 za testosteroni kila wiki. Lilikuwa jaribio la uzazi wa mpango. Homoni ikiingia kutoka nje, ubongo huona imetosha, huacha kuziamsha korodani, na kiwanda cha mbegu hufungwa. Zaidi ya nusu ya wanaume hao walibaki bila mbegu hata moja. Walioacha sindano walirudiwa na uzazi, lakini kijana anayejidunga dozi kubwa za mtaani kwa miaka, bila daktari, hana wa kumwahidi hivyo.

Wapo wanaume ambao korodani zao zimeshindwa kazi kweli, kwa maradhi au ajali, na kwao homoni hii ni dawa ya kweli inayorudisha mifupa, damu na hamu ya kuishi. Hao hupimwa damu asubuhi, zaidi ya mara moja, na hufuatiliwa. Kwa wengine wote, historia ya miaka hii yote imetoa hukumu yake. Testosteroni huumba mwili, na huandaa moyo kwa ushindani. Haimtumi mtu kupiga, haimzuii baba kulea. Anayempiga mkewe asitafute kisingizio katika damu yake. Na wewe msomaji, ukiwa na wasiwasi kuhusu nguvu zako, nenda hospitali ukapimwe, usinunue chupa ya uchochoroni.